Daftari la Mfagia Dohani

Triinu alinikalisha mbele ya kompyuta ya maktaba
akasema, "Nawa kwanza, Veljo."
Nimenawa miaka thelathini na minane, masizi hayasikii.
Herufi ya kwanza niliyoigusa ikabaki na alama yangu.

Kipanya kilinikimbia.
Nilikishika kama ninavyoshika kamba ya brashi, kwa mkono mzima.
Akacheka: "Taratibu. Humu hakuna dohani."

Nikampa daftari,
jalada limeungua pembeni, kurasa zanuka kuni mbichi.
"Tuanze na wateja. Jina la kwanza?"
Sina.
Nina *Mtaa wa Viazi, nyumba ya njano, mbwa anauma.*
Nina *Mwalimu wa fidla, ghorofa ya juu, kipandio cha tatu kimeoza.*
Nina *Mtaa wa Mbaazi, halipi mpaka Aprili, asidaiwe.*
Triinu akavitazama vile visanduku,
Jina, Ukoo, Simu, Kampuni,
vimepangwa kama sahani za wageni wasiofika.
"Na hii je, tutaiweka wapi?"
Kidole chake kimesimama kwenye penseli iliyofifia:
*Hilja. Atakupa keki. Kula. Usimtaje Rein.*

Tukateremka chini kabisa, chini ya faksi,
tukakuta kisanduku kiitwacho Maelezo.
Humo ndimo walimoingia watu wangu,
wote, na mbwa wao.

Kalenda nayo ilikuwa na maswali yake.
Nikukumbushe dakika ngapi kabla?
Mimi hukumbushwa na baridi:
jani la kwanza likidondoka mtoni Emajõgi, simu huanza kulia.
Nikaandika Oktoba, kila mwaka.
Ikauliza: mpaka lini?
Nikamwangalia Triinu. Triinu akaangalia dirishani.
"Bofya *Bila mwisho*," akasema.
Nikabofya. Goti langu la kushoto likacheka.

Wiki ya nne nikajiamini.
Juu ya paa, kinachoangusha watu si barafu, ni huko kujiamini.
Nilitaka kuwajulisha wote kuwa naanza tarehe tatu.
Nikaandika kwa adabu, nikaambatisha orodha ya tarehe,
nikabofya Tuma.

Haikuwa orodha ya tarehe.
Ilikuwa wao.
Watu mia na kumi na wawili, kila mmoja akimsoma mwenzake:
mbwa, deni, kipandio, Rein.

Nikatafuta kitufe cha kuirudisha,
mimi, ambaye kazi yangu yote imenifunza
kwamba moshi ukishatoka hauitwi.

Asubuhi kikasha kina barua tisa.
*Mbwa alikufa Machi. Njoo bila hofu.*
*Cha tatu nimekitengeneza. Sasa jihadhari na cha tano.*
Wa Mtaa wa Mbaazi hakuandika neno.
Alilipa. Na bado ilikuwa Septemba.
Mmoja alinitukana, na ana haki;
nikamwomba radhi yeye peke yake,
nikihakiki mara tatu kwamba ni yeye peke yake.

Ya tisa ilitumwa saa tisa na nusu usiku,
nami saa hiyo nilikuwa macho, mtaa wa pili tu kutoka kwake.

*Veljo, mtaje.
Watu wote hula keki yangu kimya.
Alikuwa akisimama uani kukutazama ukipanda,
anahesabu matofali, anakosea, anaanza upya.
Nimeoka ya rubabu.
Hilja.*

Nikafungua jina lake, sasa lina ukoo na simu.
Nikateremka, nikapita faksi.
*Usimtaje Rein.*
Nikaweka mshale mahali pake, nikafuta herufi tatu za mwanzo,
moja, moja, moja,
na kitufe cha kufutia kikabaki na masizi.